Kusita kwa Pumzi Usingizini: Istilahi, Neva na Sukari ya Damu

Neno apnea lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kutokuwa na pumzi. Katika tiba hutumika kwa hali ambayo hewa hukoma kupita puani na kinywani mwa mtu mzima kwa muda usiopungua sekunde 10. Hali hiyo ikijirudia usiku kucha mtu akiwa amelala, huwa ni maradhi kamili, na wataalamu huyapima kwa kuhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi imekoma au imepungua sana: kuanzia mara 5 ni maradhi hafifu, kuanzia 15 ni ya wastani, na kuanzia 30 ni makali. Kwa Kiswahili, jina linaloyafaa zaidi ni kusita kwa pumzi usingizini, na sababu ya kulichagua imo katika namna maradhi yenyewe yanavyofanya kazi.

Majina mengine yanayopita vinywani yana kasoro zake. Pumzi ikisemwa kuwa imekatika, msikilizaji huelewa kwamba mtu amefariki. Kukosa usingizi ni tatizo jingine kabisa, kwa kuwa mwenye maradhi haya hulala, tena pengine husinzia hata mchana. Ugonjwa wa usingizi nao umekwisha kuwa jina la malale, yanayoenezwa na mbung'o na kufahamika tangu zamani katika misitu ya miombo ya Tabora. Kukoroma ni dalili tu, na wako wakoromaji wengi ambao pumzi zao hazisiti hata mara moja. Kusita, kwa upande wake, ni kusimama kwa muda kisha kuendelea, na hapo ndipo ulipo uzito wa jambo, kwa sababu madhara hayatokani na kusimama kwa pumzi peke yake, bali pia na namna mwili unavyojilazimisha kuirudisha.

Aina iliyo ya kawaida zaidi husababishwa na kuziba kwa njia ya hewa. Usingizi unapokolea, misuli ya koromeo hulegea, ulimi na kaakaa laini vikarudi nyuma, na kwa mtu mnene, mwenye shingo nene au mwenye taya dogo, njia huzibika kabisa huku kifua kikiendelea kuhangaika kuvuta hewa isiyopita. Aina ya pili, iliyo adimu zaidi, hutokea pale ubongo wenyewe unapoacha kwa muda kuiamuru misuli ya kupumua. Katika hali zote mbili oksijeni hupungua katika damu na hewa ya kabonidayoksaidi huongezeka, hadi vipokezi vidogo vilivyoko kwenye mishipa mikubwa ya damu ya shingoni vinapoupelekea ubongo taarifa ya hatari, naye mlalaji akagutuka kwa nukta chache bila kujitambua, akavuta hewa kwa kishindo na kuzama tena usingizini.

Mgutuko huo ni kazi ya sehemu ya mfumo wa neva inayojiendesha bila kungoja hiari ya mtu. Sehemu hiyo ina matawi mawili: simpathetiki, ambayo yaweza kuitwa neva za tahadhari, na parasimpathetiki, yaani neva za utulivu. Kwa mtu mwenye afya, usiku ni zamu ya utulivu, na shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa yule ambaye pumzi yake husita mara 30 kwa saa, neva za tahadhari huamshwa mara 30 kwa saa, na baada ya miezi na miaka hubaki juu hata mchana, wakati mtu yuko macho na anapumua vizuri.

Sukari huingia hapa. Neva za tahadhari huchochea tezi za adrenali kumwaga adrenalini, ambayo huliamuru ini kuachia sukari liliyoihifadhi na kuizuia kongosho kutoa insulini ya kutosha. Mafuta nayo huyeyushwa na kuingia katika damu, na seli za misuli huanza kuikaidi insulini, hali inayofaa kuitwa ukinzani wa insulini. Neno usugu, ambalo baadhi hulitumia, ni afadhali liachiwe vimelea vinavyoshinda dawa. Kwa hiyo mgonjwa anayefika kliniki asubuhi bila kula chochote huweza kukutwa na sukari iliyopanda, akashukiwa kuwa alikula kwa siri, kumbe ini lake ndilo lililofanya kazi usiku. Shutuma hiyo ni dhuluma, na humvunja moyo mtu anayejitahidi kweli. Hata kuamka mara kwa mara kwenda haja ndogo, ambako kila mmoja hukuhesabu kuwa ni kisukari, kwaweza kutokana na kusita kwa pumzi. Tena uhusiano ni wa pande mbili, maana kisukari kikishaharibu neva huweza kuvuruga udhibiti wa kupumua. Mwaka 2008 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilihimiza wahudumu kuyachunguza maradhi haya mawili kwa pamoja.

Jambo hili linauhusu uwanda wa kati wa Tanzania kwa namna yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi inayovutwa huko ina oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 12 ikilinganishwa na pwani. Mwenye afya haoni tofauti, lakini anayesita mara nyingi huanza usiku akiwa na akiba ndogo kidogo. Tangu Serikali ianze kuhamia huko kwa wingi mwaka 2016, kazi za kukaa ofisini, ambazo huchangia unene, zimeongezeka katika mji uliozungukwa na wakulima wa mtama na uwele. Hapo Dodoma pia ipo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na inajulikana kuwa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, kama olanzapini, huongeza uzito na sukari, hivyo mgonjwa anayesinzia mchana hapaswi kudhaniwa moja kwa moja kuwa amelemewa na dawa au na huzuni. Madereva wa malori na mabasi wanaopita Dodoma kuelekea Singida na Mwanza ni kundi jingine la kuulizwa, kwa kuwa usingizi wa nukta chache kwenye usukani huua.

Kipimo kamili huhitaji mgonjwa kulala akiwa amefungwa vifaa vinavyorekodi mawimbi ya ubongo, pumzi na oksijeni, lakini swali la kwanza halina gharama, nalo huulizwa mwenzi anayelala chumba kimoja na mgonjwa: je, mkoromo hukatizwa na kimya, kisha mkoromo wa ghafla kama wa mtu aliyepaliwa? Tiba iliyozoeleka ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koromeo lisizibe, iliyoelezwa mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney. Mashine hiyo hupunguza usingizi wa mchana na hushusha kidogo shinikizo la damu. Kuhusu sukari matokeo ya majaribio yamepishana, na sababu mojawapo ni kwamba wagonjwa wengi huivua barakoa katikati ya usiku, wakati usingizi wa ndoto, ambao ndio unaolegeza koromeo zaidi, huwa mwingi karibu na alfajiri.