Susa, susia

Kususa ni kukataa kitu ambacho mtu alistahili kukipata au kukifanya, kwa sababu hadhi yake imeguswa na anataka jambo hilo lionekane. Fasili fupi ya "kataa kwa hasira" huiacha nje sehemu hiyo ya mwisho, nayo ndiyo kiini. Aliyeambiwa chakula kimekwisha, akaondoka, hajasusa, amekosa. Aliyepakuliwa baada ya wageni wote, akaisukuma sahani kando na kudai ameshiba ilhali tumbo linanguruma, huyo amesusa. Njaa ni yake, lakini anayekusudiwa kuumia ni mwingine.

Kwa hiyo kususa huhitaji uhusiano. Mtu hamsusii mpita njia, kwani hatarudi kumbembeleza, na kubembelezwa ndiko kunakotarajiwa. Ndiyo maana msemo "ukisusa, wenzio twala" huuma: unamjulisha msusaji kwamba karamu inaendelea na hakuna atakayemfuata.

Nuna ni kitenzi cha uso; mtu aweza kununa huku anakula. Kinyongo hukaa moyoni na hudumu: mwenye nacho aweza kuhudhuria kila shughuli yako akitabasamu. Zira hukaribiana mno na susa, hasa kuhusu chakula, na mara nyingi huweza kushika nafasi yake.

Kauli ya kutendea, susia, yahitaji uangalifu zaidi. "Wamesusia mkutano" ni kusema wamekataa kuhudhuria. Lakini "amenisusia kazi" maana yake ameiacha kazi mikononi mwangu akaenda zake, na "nimesusiwa watoto" ni lalamiko la mzazi aliyeachiwa ulezi peke yake. Mfasiri asiyekitazama kiambishi cha mtendewa atamgeuza aliyeelemewa kuwa ndiye aliyegoma.

Katika habari za siasa na michezo, susia limekuwa neno la kawaida. Chama cha CUF kilisusia uchaguzi wa marudio wa Zanzibar wa Machi 20, 2016. Mataifa mengi ya Afrika, Kenya na Tanzania zikiwamo, yalisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Je, msomaji bado humwona hapo mtoto aliyesukuma sahani? Kwa kawaida, la. Mazoea yamekwisha kulisafisha neno. Hata hivyo lawama ya zamani haiko mbali. "Chama kimesusia uchaguzi" ni habari. "Chama kimesusa" ni kejeli, na wapinzani wake hulijua hilo vizuri.

Tofauti hiyo huwa nzito zaidi anapofasiriwa msusiaji mwenyewe. Nafsi ya kwanza, "nasusa", mara nyingi ni tishio la nyumbani au utani, hivyo tamko lenye msimamo wa kimaadili laweza kupunguzwa uzito na tafsiri ya "tumesusa". "Tumekataa kushiriki" huhifadhi hoja bila kugusa hisia. "Tumegomea" nalo lafaa, ila huleta harufu ya mgomo wa wafanyakazi au wanafunzi, na palipo na amri inayopingwa hutulia zaidi kuliko palipo na mwaliko uliokataliwa. Mwandishi wa habari anayeripoti kutoka nje ya mgogoro hana sababu ya kulikwepa susia.