Baiolojia Ilivyodurusiwa, Kutoka London hadi Kidato cha Sita

Mwanafunzi wa Tanzania wa mchepuo wa PCB au CBG anayejiandaa kwa mtihani wa Taifa wa kidato cha sita huambiwa mambo mawili yasiyopatana. Mwalimu humwambia aelewe, asikariri. Wenzake bwenini humpa bunda la mitihani iliyopita na kumwambia aifanye yote, maana maswali hujirudia. Ushauri wa kwanza unaheshimiwa; wa pili huonekana ni wa kutafuta njia ya mkato. Lakini ukifuatilia jinsi somo hili lilivyotahiniwa tangu lilipozaliwa, utaona kuwa watu wa bwenini wako karibu na ukweli kuliko wanavyodhaniwa. Kuanzia London ya karne ya 19 hadi shule za Tabora, Kibaha na Ilboru, njia iliyowainua watahiniwa kwenye alama za juu imekuwa ileile: funga kitabu, toa kilichomo kichwani kwa maandishi au kwa mchoro, kisha fungua kitabu ujisahihishe. Mitihani ndiyo iliyoifundisha njia hii, miongo mingi kabla ya watafiti kuithibitisha. Tatizo letu ni kwamba tumerithi nusu yake tu.

Baiolojia kama somo moja la darasani si kongwe. Mimea ilikuwa na wataalamu wake, wanyama na wao, na wanafunzi wa udaktari walisoma vyote viwili kwa kusikiliza mihadhara mirefu. Mwaka 1872 Thomas Henry Huxley aliwakusanya walimu South Kensington, London, akawapa kozi ya vitendo ya namna nyingine. Hakutaka kupita viumbe vyote juujuu. Alichagua wachache, kila mmoja akiwakilisha kundi lake, na akataka kila mwanafunzi amkate, amtazame kwa hadubini na amchore. Kitabu alichokitoa mwaka 1875 pamoja na H. N. Martin kinafuata mpango huo: hamira, amiba, ukungu, mharagwe, hidra, kome wa maji baridi, chura. Huxley aliamini kuwa anayemjua chura mmoja kwa mikono yake amejifunza zaidi kuliko aliyesoma majina ya vyura mia. Nia ilikuwa njema sana. Hata hivyo orodha fupi ya viumbe teule ilizaa jambo ambalo yeye hakulikusudia. Mtahini alipokuwa na wanyama wanane wa kuchagua, mtahiniwa naye aliweza kukisia atakachoulizwa, na hapo ndipo kudurusu baiolojia kulipoanza kuwa ufundi wa pekee.

Aliyeufikisha ufundi huo mbali ni mtu ambaye ulimwengu unamkumbuka kwa riwaya. H. G. Wells alisoma kwa Huxley mwaka 1884, akapata shahada yake ya Chuo Kikuu cha London mwaka 1890, na akaajiriwa kufundisha baiolojia katika chuo cha William Briggs, University Correspondence College. Wanafunzi wengi wa chuo hicho walisoma kwa posta: waliletewa masomo, wakajibu maswali kwa maandishi, wakarudishiwa kazi zao zikiwa zimesahihishwa. Mwaka 1893, miaka miwili kabla ya riwaya yake ya kwanza kutoka, Wells alichapisha kitabu cha kiada cha baiolojia kwa ajili ya watahiniwa hao. Sehemu yake ya kwanza inahusu wanyama wenye uti wa mgongo: sungura, chura, papa mdogo, na amfioksasi. Michoro aliichora mwenyewe kwa mistari myepesi ambayo mtu yeyote mwenye penseli angeweza kuiiga. Wasomi wa wakati huo waliwadharau walimu wa namna hii, wakiwaita wapakiaji wa vichwa. Huxley mwenyewe alilalamika kwamba wanafunzi wanasoma ili wafaulu, hawasomi ili wajue. Lakini tazama kile ambacho mwanafunzi wa Briggs alikuwa akikifanya wiki baada ya wiki: anaulizwa, anajibu, anasahihishwa na mtu anayelijua somo, anajibu tena. Wengi wao walifanya kazi mchana na kusoma usiku, mbali na maabara nzuri, na bado walifaulu mtihani uleule walioufanya vijana wa vyuo vyenye majina.

Mtindo huu ulisafiri pamoja na dola. Uingereza ilianzisha cheti cha juu cha sekondari mwaka 1918, na mwaka 1951 mtihani wa A Level ukakirithi. Afrika Mashariki ilifuata njia hiyo kupitia Cambridge, ambayo karatasi zake zilitungwa na kusahihishwa Uingereza, na kupitia Makerere, ambayo kuanzia 1949 iliandaa watu kwa shahada za Chuo Kikuu cha London. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Kenya iliachana kabisa na kidato cha tano na cha sita ilipoingia mfumo wa 8-4-4, na watahiniwa wake wa mwisho wa A Level walifanya mtihani mwaka 1989. Tanzania na Uganda zilibaki nayo. Walioshika madaraka walibadilika, ila umbo la mtihani halikubadilika sana, na hilo linaonekana wazi zaidi kwenye karatasi ya vitendo kuliko mahali pengine popote.

Mtahiniwa amewekewa trei yenye nta. Mende amelazwa kifudifudi, miguu imetandazwa na kubanwa kwa pini, maji yamemfunika ili viungo vya ndani vielee visigandamane. Mkasi unapita ubavuni, ncha yake ikiwa imeinuliwa juu isichome utumbo. Mafuta meupe yanaondolewa taratibu kwa koleo, na mfumo wa mmeng'enyo unafunuliwa: koo, kifuko cha chakula, firigisi, kisha utumbo ulioviringika ambao lazima unyooshwe na kubanwa kando. Baada ya hapo unakuja mchoro, wenye mistari safi isiyotiwa kivuli, majina pembeni, kichwa cha habari na kipimo. Hapa hakuna anayeweza kuponea kwa kusoma daftari mara kumi. Aliyewahi kumchora mende bila kutazama kitabu, akagundua kuwa amesahau mahali mirija ya Malpighi inapoungana na utumbo, akarudi kutazama na kuchora upya, ndiye anayejua mkono wake unakwenda wapi. Huyu ni chura wa Huxley katika umbo lingine, na mchoro huo ni ule wa Wells. Urithi huu ni mzuri, na inasikitisha kuona shule ambako vitendo huanza miezi miwili tu kabla ya mtihani.

Wapo wanaosema zama hizo zimepita, na hoja yao ina uzito. Katika miaka ya 1960 mfuko wa Nuffield ulidhamini mabadiliko makubwa ya ufundishaji wa sayansi Uingereza, na Afrika Mashariki ikawa na School Science Project iliyofuata roho hiyohiyo. Kitabu cha M. B. V. Roberts, kilichotoka mwaka 1971 na kusomwa sana katika vidato vya sita vyetu, kilipanga somo kwa kazi za mwili: kupumua, kusafirisha, kutawala kiasi cha maji, kuzaa. Kiumbe mmoja mmoja hakuwa tena msingi wa sura zake. Maswali nayo yakabadilika. Mtahiniwa alianza kupewa grafu ya kasi ya usanisinuru na kutakiwa aeleze kwa nini mstari unalala baada ya mwanga kufikia kiwango fulani. Basi, husemwa, kuna faida gani ya kujizoeza kutoa ya kichwani wakati mtihani unataka kufikiri? Jibu ni kwamba grafu ile haifikiriki kwa kichwa kitupu. Anayetakiwa kueleza mstari uliolala anahitaji kukumbuka papo hapo kuwa kabonidayoksaidi na joto navyo vinaweza kuwa kikwazo, na mahali kila kimoja kinapoingia katika mchakato. Asipovipata mara moja, dakika zinamwishia akivitafuta. Mabadiliko yale yaliongeza kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, wala hayakuiondoa ya kwanza.

Ushahidi wa kitaalamu kuhusu jambo hili ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1917 Arthur Gates wa Marekani alionyesha kuwa watoto walionufaika zaidi ni wale waliotumia sehemu kubwa ya muda wao kujikumbusha bila kutazama. Mwaka 1939 Herbert Spitzer alichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi 3,605 wa darasa la sita katika jimbo la Iowa. Walisoma makala fupi kuhusu mianzi, kisha wakapimwa kwa nyakati tofauti hadi siku 63 baadaye. Waliopimwa mapema walisahau kidogo kuliko waliosubiri. Matokeo hayo yalikaa kwenye makabati kwa miongo mingi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma, kimojawapo kikihusu fisi maji wa baharini. Kundi moja lilirudia kusoma, lingine likaandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walitoa asilimia 56 ya kifungu, waliorudia kusoma asilimia 42. Naliona tokeo la dakika 5 kuwa na uzito kuliko yote, kwa sababu linaeleza kwa nini watu wenye akili na bidii huendelea kudurusu vibaya. Kurudia kusoma huleta hisia ya kujua usiku uleule, na hisia hiyo ni ya kweli kwa usiku uleule tu. Sasa mpe mtu huyo karatasi tupu wiki ijayo, umwambie achore nefroni na aonyeshe mahali glukosi inaporudishwa kwenye damu.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni lile la kukariri. Walimu wazuri wamepigana na kukariri kwa miaka mingi, na wanaogopa kuwa ukimsifia mwanafunzi kwa kutoa ya kichwani umemrudisha kwenye ukasuku. Hofu hiyo naielewa, ila imechanganya mambo mawili. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, tangu Lamu hadi Kilwa, mtoto husoma kipande chake mbele ya mwalimu bila kutazama, hurekebishwa papo hapo, na siku zinazofuata hurudishwa kwenye vipande vya zamani ili visipotee. Ufundi huo wa kuhifadhi ni wa hali ya juu, na ni kosa kuudharau kwa sababu eti maana hufundishwa baadaye. Baiolojia inahitaji ufundi uleule wa kutoa na kurekebishwa, isipokuwa kinachotolewa ni sababu na uhusiano, na mpangilio wa maneno hauna uzito. Mwaka 2011 Karpicke na Janell Blunt waliwalinganisha wanafunzi waliotengeneza michoro ya dhana huku kitabu kikiwa wazi na wale waliojikumbusha kitabu kikiwa kimefungwa. Waliojikumbusha walishinda hata kwenye maswali yaliyotaka kuunganisha mawazo ambayo kifungu hakikuyaunganisha. Mkaririji anatambulika kwa jambo moja: hutoa sentensi za daftari kama zilivyo, na swali likigeuzwa kidogo hana la kusema. Dawa yake ni kumgeuzia swali mara nyingi zaidi kabla ya mtihani.

Hapo ndipo nusu iliyopotea inapoonekana. Mwanafunzi wa Briggs alirudishiwa jibu lake likiwa limesahihishwa. Wa kwetu hufanya mitihani iliyopita, hutazama majibu ya kitabu cha mtaani ambayo pengine yenyewe yana makosa, na kujipa vema. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtihani mmoja wa mwisho usiwe kipimo pekee, na kazi za mwanafunzi za kipindi chote zikaanza kuhesabiwa. Kwa upande wa kudurusu, hiyo ilikuwa nafasi ya dhahabu: majaribio madogo yaliyotawanywa katika miaka miwili ndiyo hasa kumbukumbu inayoyahitaji. Lakini mahali pengi majaribio hayo yaligeuka kuwa alama za kujaza fomu. Mwalimu mwenye mikondo mingi hutoa alama tu, na mwanafunzi hajui kwa nini ilikuwa 6 na si 9.

Msaada upo, na ni wa bure. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikiwa na nakala za majibu mazuri na mabaya pamoja na maelezo ya kile swali lilichotaka. Kwa mtu anayelenga A, ambayo sasa huanzia 80, taarifa hizi zinafaa kuliko muhtasari wowote unaouzwa mtaani, kwa kuwa zinaonyesha jinsi jibu la mtu aliyejua somo linavyoweza kukosa alama. Aliyeambiwa atofautishe akaandika maelezo ya kitu kimoja kisha ya kingine, bila kuvipambanisha, atajiona humo. Kikundi cha wanafunzi wanne kinaweza kujibu swali bila kitabu, kubadilishana karatasi, kuzisahihisha kwa taarifa ya mwaka ambao swali lilitoka, na kulirudia swali hilo baada ya wiki tatu likiwa limegeuzwa. Kazi hiyo haihitaji maabara wala twisheni. Inahitaji ianze kidato cha tano, muhula wa kwanza, wakati bado kuna muda wa kusahau na kukumbuka tena.