Mistari Juu ya Mashamba ya Kitale

Tarehe 31 Mei 2003, mahindi ya Trans Nzoia, nchini Kenya, yakiwa yamekwisha kuota, kifaa kimoja kiliharibika ndani ya Landsat 7, setilaiti ya Marekani iliyokuwa ikizunguka kilomita 705 juu ya dunia. Kioo cha setilaiti hiyo kilipitia ardhi kikiyumba huku na huku, na kifaa hicho kilifidia mwendo wa setilaiti ili mistari ya vipimo ilale sambamba. Kuanzia hapo kila picha ilikosa takriban asilimia 22 ya ardhi. Katikati mapengo hayakuonekana; pembeni yalifikia pikseli 14, zaidi ya mita 400. Mstari mmoja tu ungeweza kumeza sehemu kubwa ya mtaa kama Tuwan, mjini Kitale.

Kusafisha picha ilikuwa kazi ya zamani. Landsat ya kwanza, iliyorushwa Julai 1972, ilitumia vihisi sita kwa kila bendi ya mwanga. Kimoja kikihisi kupita wenzake, kila mstari wa sita ulitoka mweupe zaidi. Kompyuta ililinganisha wastani wa vipimo vya kila kihisi, kisha ikavisawazisha.

Mistari ya 2003 haikuwa na kipimo cha kusawazisha. Programu zikaziba mapengo kwa picha za tarehe nyingine, na hapo ndipo hatari ilipoingia. Trans Nzoia hupanda Machi na Aprili, huvuna kuanzia Oktoba. Pengo la Agosti likizibwa kwa picha ya Januari, mahindi marefu hugeuka udongo mtupu, na mchoraji ramani hudhani mteremko wa Mlima Elgon umefyekwa.

Wanaochunguza fuwele kwa miali ya elektroni hukabili kasoro za jamii hiyo: pikseli mfu na kivuli cha kizuizi cha mwali. Wao huzifunika, programu isizihesabu kabisa. Picha za Landsat 7 nazo zilitolewa pamoja na faili zinazoonyesha mapengo, na anayepima msitu wa Elgon hana budi kuzitumia, kwani pikseli ya kuazima si ushahidi wa mti uliokatwa.

Landsat 8, iliyorushwa Februari 2013, haina kioo kinachoyumba. Ina vihisi takriban 7,000 kwa kila bendi, na vyote bado husawazishwa kabla picha haijafika RCMRD, kituo cha ramani kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975.