Damião de Góis, mwandishi wa mfalme wa Ureno

Mara nyingi tumesikia habari za wafalme wa Ureno waliotuma wajumbe na mapadri kwa mfalme Afonso wa Kongo. Leo tumjue mmoja wa watu walioziandika habari hizo.

Damião de Góis alizaliwa Alenquer, karibu na Lisbon, mwaka wa 1502. Alipokuwa bado mtoto alitiwa katika nyumba ya mfalme Manuel, awe mtumishi wake. Mwaka wa 1523 alitumwa Antwerp kuwa karani katika nyumba ya biashara ya Wareno. Toka huko alisafiri sana Ulaya. Alipenda elimu ya vitabu vya kale, vya Kilatini na vya Kigiriki, na mwaka wa 1534 alikaa miezi michache nyumbani kwa Erasmus, mwalimu mkubwa wa elimu hiyo.

Huko Lisbon, mwaka wa 1533, alikutana na Zagazabo, padri aliyetumwa na mfalme wa Etiopia. Padri huyo alikuwa na uchungu moyoni. Alikuja kama mkristu kwa wakristu wenzake, lakini wataalamu wa dini wa Ureno walimkatalia Komunyo. Góis hakuandika kwa kukisia. Alimwomba Zagazabo aeleze mwenyewe imani ya watu wake, kisha akayatafsiri maneno yake kwa Kilatini, akayapiga chapa Louvain mwaka wa 1540. Basi Henrique, ndugu ya mfalme João wa Tatu na mkuu wa mahakama ya imani, akakataza kitabu hicho kisienee Ureno.

Mwaka wa 1548 Góis aliwekwa kuwa mlinzi wa hati za ufalme. Na mwaka wa 1558, Henrique yule yule, sasa kardinali, akampa kazi ya kuandika habari za mfalme Manuel. Kitabu kilitoka mwaka wa 1566 na 1567. Ndani yake mna habari za wajumbe waliotumwa Kongo. Mna pia aibu ya Lisbon ya mwaka wa 1506, watu walipowaua Wayahudi waliobatizwa. Góis hakuificha. Wakubwa wengine walikasirika kwa yale aliyoandika, na kurasa nyingine zikabadilishwa.

Mwaka wa 1571, akiwa mzee, alikamatwa na mahakama ya imani. Kosa moja alilodaiwa ni kwamba miaka arobaini nyuma alikula na kuzungumza na Luther. Mwaka wa 1572 alihukumiwa kifungo cha maisha, akapelekwa katika monasteri ya Batalha. Alikufa mwaka wa 1574, akazikwa Alenquer.

Mtu huyu alitunza maneno ya mgeni aliyedharauliwa, lakini mwishowe yeye mwenyewe alihukumiwa. Basi sisi tunaoandika habari za parokia zetu, tusiandike sifa za wakubwa tu. Tuandike yaliyo kweli, na kabla ya kumhukumu mgeni, tumwache kwanza aseme kwa kinywa chake.