HISTORIA ZA KINA MAMA (7): Mama yake Papa Wemba

Mama zangu wa Mwanza, leo tutoke kidogo Kanda ya Ziwa, twende Kongo. Papa Wemba mnamjua. Nani alimfundisha kuimba?

Mama yake. Wemba alizaliwa 1949 kule Lubefu, akakulia Kinshasa. Mama alikuwa mwombolezaji: anaitwa msibani, anaongoza nyimbo za kumlilia marehemu. Mtoto alifuatana naye kwenye matanga, akisikiliza. Baadaye akaimba kwaya ya kanisa. Mwaka 1969 akawa kati ya waanzilishi wa Zaiko Langa Langa, na 1977 akaunda Viva la Musica. Ile sauti yake ya juu, kama mtu anayelia, dunia nzima iliijua mpaka alipoanguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, akafariki. Mwenyewe alisema mama ndiye mwalimu wake wa kwanza.

Wodini huwa naambiwa, "Sista, mimi sijui kuimba." Mama, mwanao ameanza kukusikia akiwa bado tumboni. Sauti yako anaijua tayari. Mwimbie tu, hata siku moyo ni mzito. Mama yake Wemba aliimba palepale kwenye kilio, na mtoto akajifunza.