Ukataji wa Msamba Wakati wa Kujifungua: Tiba Iliyotangulia Ushahidi Wake, 1742–2018

Katika wodi za wazazi nchini Tanzania, kukatwa msamba wakati wa kujifungua huitwa kuongezewa njia. Jina hilo lina hoja ndani yake, kwamba njia ya asili haitoshi. Historia ya utafiti inabainisha kuwa matabibu wa Ulaya na Marekani waliikubali hoja hiyo kwa miongo mingi kabla ya mtu yeyote kuipima.

Fielding Ould wa Dublin alipoueleza upasuaji huo mwaka 1742, aliuona kuwa hatua ya dharura kwa mama ambaye kichwa cha mtoto kimefika mlangoni na hakitoki. Mgeuko ulitokea Marekani. Mwaka 1920, Joseph DeLee wa Chicago alipendekeza mzazi wa mara ya kwanza apewe dawa za usingizi, akatwe msamba, kisha mtoto avutwe kwa koleo. Alidai kuwa utaratibu huo ungeulinda ubongo wa mtoto dhidi ya mgandamizo na kumkinga mama dhidi ya kushuka kwa kizazi. Hakuwa na kundi la kulinganisha. Ilidaiwa pia kuwa jeraha nyoofu la mkasi ni rahisi kushona kuliko mchaniko. Hoja hii, ikitazamwa vizuri, ni ya mshonaji, si ya anayeshonwa.

Uzazi ulipohamia hospitalini, kukata kukawa desturi. Mwaka 1979, takribani 60% ya wanawake wa Marekani waliojifungua kwa njia ya uke walikatwa.

Nchini Uingereza, shaka ilipata sauti kupitia wanawake wenyewe. Mwaka 1981 Sheila Kitzinger, mwanaanthropolojia, alichapisha maelezo yao kuhusu maisha baada ya nyuzi. Miaka miwili baadaye, Thacker na Banta walipitia maandiko ya Kiingereza ya tangu 1860 hadi 1980 na hawakupata ushahidi wa kutosha wa faida zilizodaiwa.

Jaribio lililofuata liliongozwa na mkunga, Jennifer Sleep, mjini Reading, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1984. Wanawake 1,000 waligawanywa kwa bahati nasibu: wakunga wa kundi moja walitakiwa kujizuia kukata, na wa kundi la pili walitakiwa kukata ili kuzuia mchaniko. Waliokatwa walikuwa 10% katika kundi la kwanza na 51% katika la pili. Maumivu baada ya siku kumi hayakutofautiana, na kuvuja kwa mkojo hakukutofautiana pia, hata wanawake hao walipofuatiliwa miaka mitatu baadaye. Kinga aliyoahidi DeLee haikuonekana.

Hata hivyo, Waingereza walikata kwa mshazari, ilhali Amerika ya Kaskazini walikata moja kwa moja kuelekea njia ya haja kubwa. Michael Klein na wenzake walilichunguza suala hilo Montreal, na mwaka 1992 wakaripoti kuwa karibu michaniko yote iliyofika kwenye msuli wa haja kubwa ilitokea kwa wanawake waliokatwa. Mkasi ulikuwa umefungua njia ya jeraha uliloaminiwa kulizuia. Jambo zito zaidi lilijitokeza katika uchambuzi wa mwaka 1995: madaktari walioipenda sana desturi hiyo waliendelea kukata hata kwa wanawake ambao jaribio liliwataka wasiwakate isipolazimu. Kwa hiyo kilichokuwa kikipimwa hakikuwa misamba ya wanawake pekee, bali pia imani ya waliosimama mbele yao.

Nchini Argentina, jaribio la mwaka 1993 lililohusisha wanawake 2,606 lililinganisha kiwango cha 30.1% na cha 82.6%, ukataji mwingi haukupunguza michaniko mikubwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 1996, lilitaja 10% kuwa lengo linalofaa, kiwango kilichotokana na kazi ya wakunga wa Reading. Mwongozo wa mwaka 2018 unakataa ukataji wa mazoea kwa mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida, na hauweki tena kiwango chochote.