Gogo, kamba na steri: kupima miti kwetu Fungurume

Ukitaja Fungurume, watu wanafikiri shaba tu. Lakini shaba haiyeyuki bila moto, na Basanga walikuwa wanaiyeyusha kwa makala zamani, mbele ya Wabelgiji kufika. Kwa hiyo sisi tunataka kusema juu ya miti, na namna ya kujua gogo lina ukubwa gani.

Bazee walipima kwa mwili. Shibiri ni kutoka kidole gumba mpaka kidole kidogo, mkono ni shibiri mbili, pima ni mikono minne, yaani mtu akinyoosha mikono yake yote. Pwani ni vilevile, na kule boriti ziliuzwa kwa korija, 20 kwa 20. Mnunuzi mwenye mikono mirefu, muuzaji alikuwa analia! Tena vipimo hivi vinajua urefu tu. Unene wa gogo, hapo njo kuna shida.

Reli ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1918 ikafika Bukama, ikipita hapa kwetu. Injini za wakati ule zilikula kuni, na kuni zilitaka kipimo: steri, iliyowekwa kule Ufaransa mwaka 1795. Unapanga kuni mita moja kila upande. Ila steri inapima hata upepo. Mti wenyewe ndani yake ni kama sehemu mbili kwa tatu. Ukipanga miti iliyopinda, lundo linajaa haraka. Karani naye anasema: pangua, panga tena.

Kwa gogo la mbao iko kamba. Unaizungusha kwenye gogo, unaikunja katikati mara mbili, unapata robo. Robo mara robo, mara urefu. Wafaransa na Waingereza walipima hivyo pia. Tukajaribu gogo la mzunguko mita 1,60 na urefu mita 3: robo ni 0,40, jibu meta kibu 0,48. Kwa hesabu ya duara ya masomo tunapata 0,61! Zaidi ya sehemu moja katika tano imepotea, na aliyepoteza ni mkata miti. Wanunuzi wanasema ni haki, kwa sababu maganda na vumbi la msumeno havina bei. Labda. Mzee mmoja alituambia: kamba ikikunjwa, ncha yake ushike wewe.